Gari nimelipenda, bei imeandikwa: nianzie wapi kuomba punguzo?

Dada mmoja ameniandikia swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kwa sura mbalimbali, nami nataka kulijibu kwa kirefu, maana kosa moja hapa linaweza kumeza akiba ya miaka. Kwa ufupi anasema hivi: ameona tangazo la gari la miaka saba, anayeuza ni mwenye gari mwenyewe, na odomita inasoma kilomita 98,700. Chini ya bei kumeandikwa "maelewano kidogo". Shemeji yake anamwambia akate robo nzima, kwa kuwa "wote huongeza". Mumewe anaogopa wasije wakamuudhi muuzaji, gari likawaponyoka. Muuzaji naye amesema kuna mtu anakuja kesho na arbuni mkononi. Dada anauliza: niombe nipunguziwe kiasi gani? Na je, niende mwenyewe au nimtume kaka yangu, kwani mimi ni mwanamke na magari siyajui?

Dada yangu, shemeji na mumeo wanabishana, lakini wote wawili wameanzia mahali pamoja: kwenye bei ya tangazo. Mmoja anaikata, mwingine anailipa kama ilivyo, na hakuna aliyeuliza gari lenyewe linastahili kiasi gani. Punguzo lako limo ndani ya hesabu ya gari, na hesabu hiyo hufanywa nyumbani, kabla hujakaa uso kwa uso na muuzaji.

Nasisitiza nyumbani kwa sababu bei iliyoandikwa ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2000 watafiti watatu, Thomas Mussweiler, Fritz Strack na Tim Pfeiffer, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Ujerumani. Walipeleka gari moja kuukuu kwa mafundi na wauzaji wa magari, watu wanaokula kwa kazi hiyo, wakawaomba walikadirie thamani. Baadhi yao walitajiwa kwanza bei ya juu, wengine bei ya chini. Gari lilikuwa lile lile, limesimama mbele ya macho yao. Hata hivyo waliosikia bei ya juu walikadiria juu, na waliosikia ya chini walikadiria chini. Ikiwa fundi aliyezeeka chini ya boneti anavutwa na namba aliyotajiwa, sisi wengine tutaponea wapi? Lakini jaribio lile lilionyesha na dawa yake: mtu alipoombwa ataje sababu za kwa nini bei ile huenda si sahihi, mvuto ule ulipungua. Kwa hiyo kabla hujampigia muuzaji tena, chukua karatasi uandike sababu nne au tano za kwa nini bei yake huenda ni kubwa. Hata zile usizopanga kumwambia, ziandike.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ili tusifungwe na fedha ya nchi yoyote, tuifanye bei ya tangazo kuwa 100.

Tafuta matangazo ya magari kama hilo: modeli ile ile, injini ile ile, giaboksi ya aina ile ile, mwaka usiopishana sana, kilomita zinazokaribiana. Kumi yakipatikana ni vizuri, sita yanatosha. Yapange kuanzia bei ya chini hadi ya juu, kisha uangalie lililo katikati. Wastani usiutumie, kwa kuwa tangazo moja la mtu mwenye ndoto kubwa linatosha kuupotosha. Kumbuka pia kwamba zile zote ni bei za kuomba, bado si bei za kuuzia. Ndiyo maana huwa nawahimiza watu wafuatilie matangazo kwa wiki mbili au tatu kabla ya kutoa hata senti. Gari linalotoweka siku ya tatu huenda lilikuwa karibu na bei ya kweli. Linalobaki mwezi mzima, likishushwa kidogo kidogo, linakueleza kwamba soko limeikataa bei yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwenye magari msemo huo una nusu tu ya ukweli: gari zuri nalo hukaa likiwa na bei mbaya, na hilo ndilo gari ninalopenda mteja wangu alikute, kwa sababu mwenyewe ameshachoka kupokea simu zisizozaa kitu.

Tuseme katikati ya matangazo yako imeangukia 96. Hiyo ndiyo namba yako ya kwanza.

Namba ya pili ni gharama ya kazi ambazo gari litakudai ndani ya mwaka wa kwanza, na hapa zile kilomita 98,700 zina mengi ya kusema. Kwanza, kama injini hiyo inatumia mkanda wa taiming (ule unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake) badala ya cheni, magari mengi huwekewa kikomo cha kuubadilisha mahali fulani kati ya kilomita 90,000 na 160,000, au miaka kadhaa, kutegemea kipi kinatangulia. Kitabu cha gari kinataja kikomo chake. Mkanda ukikatika gari likiwa linakimbia, kwenye injini nyingi pistoni hugongana na valvu, na hapo unazungumzia injini nzima. Muuzaji akikuambia umeshabadilishwa, mwombe risiti. Asipokuwa nayo, uhesabu kwamba haujabadilishwa. Usione vibaya kufanya hivyo. Injini yenyewe haitajali nani alisema nini.

Pili, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Nicola Lacetera, Devin Pope na Justin Sydnor walichambua zaidi ya mauzo milioni 22 ya magari yaliyotumika kwenye minada ya jumla ya Marekani, na mwaka 2012 wakaonyesha kwamba bei hazishuki taratibu tu kadiri maili zinavyoongezeka. Huporomoka ghafla kila odomita inapovuka maili 10,000 nyingine. Macho ya mnunuzi hushikilia tarakimu za mbele na kupuuza za nyuma. Gari lako limebakiza kilomita 1,300 kufika 100,000. Muuzaji anaomba bei ya gari la "elfu tisini na kitu", lakini baada ya miezi michache wewe utakuwa na gari la "laki moja na kitu", na siku ukitaka kuliuza, mnunuzi wako ataliona hivyo. Simsemi muuzaji kwamba ana hila. Huenda hata yeye hajui kwa nini anaona huu ni wakati mzuri wa kuuza. Ila wewe ujue kwamba unanunua juu ya kilima, ukalinganishe na magari yenye kilomita 102,000 au 105,000, si yale ya 85,000 peke yake.

Zilizobaki utazipata kwa ukaguzi, na ukaguzi hauna mbadala. Nenda mchana, nenda na fundi wako unayemlipa mwenyewe, asiyefahamiana na muuzaji. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hamjafika, kwa kuwa injini iliyopoa husema siri ambazo iliyopata moto huzificha: moshi wa bluu wa oili inayoungua, mlio wa cheni iliyolegea, ugumu wa kuwaka. Ukiweka mkono juu ya boneti ukaikuta ina moto ilhali mlikubaliana lisiwashwe, uliza kwa upole kwa nini.

Unapowasha swichi kabla injini haijawaka, taa za tahadhari za dashibodi hutakiwa kuwaka, kisha kuzima ama zenyewe ama injini ikishawaka. Taa ya injini au ya mifuko ya hewa isiyowaka kabisa inanitia wasiwasi kuliko inayowaka, maana kuna watu huiziba au huing'oa balbu. Fundi wako achomeke mashine ya kusoma hitilafu, lakini asiishie kutazama kama kuna hitilafu zilizohifadhiwa. Aangalie pia kama vipimo vya ndani vya kompyuta ya gari vimekamilika. Mtu akifuta hitilafu asubuhi ya kuuza, kumbukumbu inakuwa safi, lakini vile vipimo husomeka havijakamilika mpaka gari liendeshwe tena kwa muda. Kumbukumbu safi yenye vipimo vingi visivyokamilika inaweza kuwa ya betri iliyofunguliwa juzi. Inaweza pia kuwa ya tatizo lililofutwa juzi. Vyovyote iwavyo, rudi baada ya siku chache gari likiwa limetembea.

Tairi nazo zina tarehe. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mengi na bado ikawa mzee. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa kina cha chini kabisa cha meno, na tairi iliyofika hapo ihesabu kama tairi ya kununua. Gari likiwa na tairi nne za kampuni nne tofauti, huo ni ushahidi wa jinsi lilivyotunzwa hata mahali usipopaona.

Rangi ya mlango isiyolingana na ya jirani yake, mianya isiyo sawa kati ya boneti na pande zake, bolti za bawa (bati linalofunika gurudumu la mbele) zenye alama za spana: hizo ni dalili za kugongwa na kunyooshwa. Zisikutie hofu zote kwa kiwango kimoja. Bampa iliyopakwa rangi ni jambo la kawaida. Fremu iliyonyooshwa ni sababu ya kuondoka, na hapo hakuna cha kujadiliana bei. Hapa ndipo nawaona watu wakiumia zaidi: wanapata kasoro kubwa, wanafurahi kwamba wamepata silaha ya kushusha bei, kisha wanalinunua gari ambalo hata kwa nusu bei lilikuwa ghali. Kasoro za usalama na kasoro za hati hazipatanishwi.

Baada ya ukaguzi, kaa pembeni na fundi wako mjumlishe. Tuseme mkanda wa taiming na tairi mbili vimefika 5 katika ile mia yetu. Kutoka 96 toa 5, unabaki na 91. Hiyo ndiyo bei ya haki ya gari hilo, kwa siku hiyo, kwako. Sasa weka namba ya tatu, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote: kikomo chako. Mimi ningesema 92 au 93, kwa sababu kupata gari ulilokwisha kulikagua kuna thamani yake. Kikomo hicho kiandike na umwonyeshe mumeo kabla hamjarudi kwa muuzaji. Ukiisha kusimama mbele ya gari, ukanusa viti, watoto wameshachagua nani atakaa dirishani, akili haihesabu tena kama ilivyohesabu nyumbani.

Ofa ya kwanza iwe 86 au 87. Robo ya shemeji ingekuwa 75, na hiyo ungeweza kuitetea kwa nini? Ofa isiyo na maelezo humwambia muuzaji kwamba unabahatisha, naye atakujibu kwa kubahatisha au kwa kukasirika. Lakini 86 yenye sababu haiudhi mtu. Mumeo asiwe na wasiwasi: aliyeandika "maelewano kidogo" ameshajiandaa kuombwa. Usipoomba, unamlipa ile nyongeza aliyoiweka ili aipunguze.

Namna ya kusema ni nusu ya kazi. Usilikashifu gari. Mtu aliyeliendesha miaka minne analiona kama sehemu ya maisha yake, na ukimwambia limechakaa atalitetea, kila neno la utetezi likizidi kumfunga kwenye bei yake. Zungumza kuhusu gharama, ambazo si za kwako wala za kwake. Kitu kama hiki: "Kaka, gari nimelipenda na naona umelitunza. Nimeangalia magari mengine ya aina hii, mengi yako 96. Hili linahitaji mkanda wa taiming na tairi mbili, fundi amenipigia hesabu hii hapa. Kwa hiyo naweza kukupa 86, na hela ipo, tunaweza kumaliza leo."

Ukishasema hivyo, nyamaza. Naomba ulizingatie hili kuliko maneno yote niliyoandika hapo juu. Nimesimama pembeni ya wanunuzi wengi waliotaja bei nzuri, kisha kimya cha sekunde tano kikawashinda, wakaongeza wenyewe kabla muuzaji hajafungua mdomo: "Au basi niseme 90." Umeshusha wewe, umepandisha wewe. Mwache yeye ndiye ajibu.

Akisema 97, usikimbilie katikati. Panda hadi 89, na utaje sababu ya kupanda: "Nimekubali tairi za nyuma zina maisha bado." Hatua inayofuata iwe ndogo zaidi, 90 na nusu, kisha 91. Hatua zinazofupika zinamwonyesha kwamba unakaribia ukuta, bila wewe kulazimika kuapa kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Ukifika kwenye kikomo chako naye bado yuko juu, mshukuru, mwachie namba ya simu, ondoka. Wengine hupiga simu jioni ile ile. Wengine hawapigi kabisa, na gari lingine lipo.

Kosa moja la kawaida nilitaje haraka: usiulize kwenye simu, "Bei ya mwisho ngapi?" Muuzaji hajakuona wala hajui kama una nia. Atapunguza kidogo ili akufurahishe, na punguzo hilo dogo litageuka kuwa mwanzo mpya wa mazungumzo, nawe ukiwa umeshatumia ombi lako bila hoja yoyote. Kwenye simu uliza amelimiliki muda gani, kwa nini analiuza, kama hati ya umiliki ina jina lake, na nani amekuwa akilifanyia sevisi. Majibu yatakuambia kama inafaa kufunga safari.

Sasa suala la kumtuma kaka yako. Hofu yako si ya bure. Ian Ayres na Peter Siegelman walituma wanunuzi kwa wauzaji wa magari mapya eneo la Chicago, wote wakiwa wamefundishwa maneno yale yale ya kupatana, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 wanawake na watu weusi walipewa bei za juu kuliko wanaume weupe. Inanikera kila ninapokumbuka. Lakini kuna utafiti mwingine ambao ningependa uushike zaidi. Mwaka 2017 Meghan Busse, Ayelet Israeli na Florian Zettelmeyer walichapisha matokeo ya simu zilizopigwa kwenye karakana kuuliza gharama ya kubadilisha rejeta. Wapigaji walipoonyesha hawajui bei, wanawake walitajiwa gharama kubwa kuliko wanaume. Walipotaja kwamba wamesikia bei fulani, tofauti hiyo ikatoweka. Zaidi ya hayo, mwanamke alipoomba apunguziwe, alikubaliwa mara nyingi zaidi kuliko mwanaume. Kwa hiyo nenda mwenyewe, dada yangu. Kaka yako aje kama anataka, asimame na kutazama. Msemaji awe mwenye namba, na mwenye namba ni wewe.

Yule mtu wa kesho mwenye arbuni anaweza kuwa wa kweli, anaweza kuwa wa kubuni. Huna njia ya kujua, na bahati nzuri huhitaji kujua, kwa sababu kuwapo kwake hakubadilishi thamani ya mkanda wala ya tairi. Kama fundi wako ana nafasi leo, mpigie muuzaji umwambie unakuja na fundi na uko tayari kumaliza. Kama hana, mwache wa kesho atangulie. Kutoa arbuni kwa gari ambalo hujalikagua, eti ili muuzaji akushikilie, ni kununua woga. Nimewahi kumsindikiza mtu kudai arbuni ya namna hiyo baada ya gari kukutwa na mkopo ambao haujaisha. Tulirudi mara sita, na hatukuipata.

Ungekuwa unanunua yadi, mengi ya haya yangebaki vile vile, isipokuwa kwamba muuzaji wa yadi anaweza kuwa kweli hana ruhusa ya kushusha bei. Hapo omba vitu badala ya fedha: tairi mpya, sevisi kamili, dhamana ya maandishi, gharama za kubadilisha umiliki. Na wakianza kukuuliza unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, warudishe kwenye jumla. Malipo madogo ya kila mwezi yanaweza kubeba bei kubwa kwa kurefusha miezi tu.

Mkikubaliana, kabla hela haijatoka mkononi, linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye gari na iliyo kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye magari mengi ni herufi na tarakimu 17, zisizokuwa na I, O wala Q. Yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi peke yake usikutishe. Hakikisha kwa mamlaka ya usajili kwamba gari halidaiwi na aliye mbele yako ndiye mwenye jina. Kisha andikeni makubaliano: bei mliyopatana, kilomita zilizosomeka siku hiyo, na kila kitu alichoahidi kuacha ndani, kuanzia tairi ya akiba na jeki hadi ufunguo wa pili. Ufunguo wa pili uuombe pale pale. Kutengenezesha mwingine kwa gari lenye kufuli la kielektroniki ni gharama ambayo wengi huikumbuka wakiwa wameshafika nyumbani.